Kioo Kisichofunguka

Mwaka ule tulikula unga wa njano. Viwavi walikuwa wamemaliza wimbi shambani, mahindi meupe hayaonekani sokoni, na malori yakatuletea mahindi ya rangi ya kiini cha yai. Ukisonga ugali wake, nje unang'aa kama umepakwa samli, ndani unanuka gunia. Wazee waliukataa, wakala ndizi za kuchemsha asubuhi na jioni mpaka matumbo yakawauma. Sisi tuliokuwa tunanyonyesha tuliula huo huo wa njano, tukauteremsha kwa mboga chungu ya chinsaga, na maziwa yakatoka. Ukiniuliza nambari ya mwaka, sina. Nilisoma darasa la kwanza na kipande cha la pili, kisha ikaonekana ndama wana haja nami kuliko mwalimu. Lakini mwaka wenyewe naujua kwa ulimi.

Nauandika sasa kwa sababu ya mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa. Kazi yake ni kuweka vioo kwenye maghorofa, na usidhani ni vioo vya kujitazamia. Ni vya kuzuia moto. Ameniambia kwamba jengo halifunguliwi mpaka vioo vya ngazini viwe vya namna hiyo, vimepimwa, vina muhuri kwenye pembe. Nilimsikiliza nikajiona nimezaa watu. Basi alikuja Magwagwa kunisalimu, akaona banda la vifaranga vyangu, akachuchumaa kama aliyeona nyoka. Banda nimelifunika kwa kioo kinene chenye wavu wa waya ndani yake.

"Nyanya, hiki umekitoa wapi? Hiki ni kioo cha moto, cha zamani sana."

"Hicho nilikijua mama yako akiwa hajaota meno."

Akacheka. Hakuniamini. Basi na asome.

Mume wangu alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kupata duka Kisii mjini, katika safu ya nyumba za matofali nyuma ya maduka ya Wahindi. Alijivuna, na mimi nilijivuna naye, sikatai. Duka lilikuwa mbele, halafu chumba cha katikati, halafu chumba cha nyuma. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja, ule wa barabarani, kwa kuwa ukuta wa nyuma ulikuwa umeshikana na ghala la mtu mwingine. Nyumba ile ilikuwa kama bomba lililozibwa upande mmoja. Ukiingia unazidi kuingia. Ukitaka kutoka, rudi ulikopita. Kule mwisho wa bomba ndiko nilikolala mimi na mtoto, huyo huyo binti mkubwa. Mama yangu kwake alikuwa na milango miwili, kama nyumba yoyote ya mwanamke kwetu, na ukiudhiwa kwenye mlango mmoja unatokea wa pili. Aliyechora mji hakumuuliza mama yangu.

Nilikuwa na dirisha. Lilikuwa la mbao, la upande wa kichochoro, lenye upana wa kupitisha mwanamke na mtoto wake kama mwanamke hajashiba sana. Ng'ambo ya kichochoro, karibu hata ukinyoosha mkono unafika, jirani Mwislamu aliuza mafuta ya taa. Mkewe ndiye aliyenifundisha Kiswahili. Alisimama dirishani kwake, mimi kwangu, ananipa neno na chumvi, mimi nampa ndizi. Asubuhi aliyetangulia kuwasha moto alimpitishia mwenzake makaa kwenye kigae. Tulifanya hivyo kila siku na hakuna aliyeona ubaya.

Kisha baba mkwe akaja mjini. Alikuwa na kidonda mguuni kilichokataa kufunga, na hospitali ilitaka kukiona mara kwa mara. Mume wangu akamlaza chumba cha katikati, kwa kuwa hakukuwa na kingine, na kitanda chake kikajaza njia kutoka ukuta hadi ukuta.

Lazima nieleze hapa, maana wajukuu wa siku hizi wanakaa na wakwe zao kwenye kochi moja wakitazama mpira. Kwetu, mke wa mtoto na baba mkwe wana chinsoni, aibu ya heshima. Hatushikani mikono. Yeye haoni ninapolala, na mimi sioni kitanda chake. Kumgusa ni balaa linalotaka mbuzi na wazee wa kulisafisha. Kumruka akiwa amelala, hilo hata kulitaja mdomoni ni uchafu, na naliandika hapa kwa sababu kalamu haina mdomo. Sasa mtu huyo amelala katikati ya njia yangu, mchana na usiku, mguu umefungwa bendeji, anakoroma.

Siku za kwanza nilikaa ndani. Nilisubiri mume wangu aje, akohoe, amnyanyue baba yake, ampeleke barazani, ndipo nipite nikiwa nimefunika uso. Lakini mume wangu alikuwa na wateja. Haja haimsubiri mteja aliyekuja kununua sukari. Nilikojoa kwenye debe kama mtoto, mimi mke wa mtu, ebitinge miguuni. Hizo ni pete za chuma za mke aliyeolewa kwa ng'ombe. Zikishaingia kwenye vifundo vya miguu hazitoki ovyo. Wasichana wa misheni walizicheka. Mimi nilizisugua kwa majivu zikang'aa.

Siku moja nikatazama dirisha, nikatazama mtoto, nikamfunga mgongoni, nikapanda sanduku. Ebitinge zikagonga ukingo wa dirisha kwanga kwanga. Nikatua kichochoroni kwa magoti.

Jirani yangu, mke wa muuza mafuta, alikuwa anachambua mchele. Akanitazama bila kusimamisha mikono.

"Jirani, leo umezaliwa upya?"

"Nimezaliwa, na nimezaliwa na mtoto tayari."

"Mkunga hakuwepo?"

"Mkunga ni wewe. Nipe maji ninawe magoti."

Tangu siku hiyo dirisha likawa mlango wangu wa pili. Nilitokea hapo, nikarudia hapo, na mzee upande wa pili wa ukuta alijua, akanyamaza, maana hata yeye lilimpa nafasi ya kulala bila kuona haya. Tuliishi hivyo. Chumba kilikuwa cheusi, kinanuka mafuta ya taa na dawa ya kidonda, lakini nilijua upande gani kuna hewa.

Kilichotuharibia ni makaa. Bwana afya alipita kichochoroni asubuhi na kofia yake, akakuta mkono wangu umetoka dirishani na kigae cha makaa mekundu, na mkono wa jirani umetoka kwake kukipokea, na chini ya mikono yetu madebe ya mafuta ya taa yamepangwa kama watu kwenye foleni. Alisimama.

"Mama," akasema polepole, "kile kigae kirudishe ndani. Polepole. Na wewe mama, rudisha mkono wako."

Tukarudisha. Ndipo akavua kofia, akajifuta jasho, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi.

Sina ubaya naye. Alikuwa mtu wa haki. Alimwita mume wangu, akapima kichochoro kwa hatua zake, akatikisa kichwa. Akasema ukuta unaotazamana na ghala la mafuta, tena karibu hivyo, sheria ya mji haitaki uwe na tundu. Dirisha lizibwe kwa matofali. Au, kama tunataka mwanga, tuweke kioo chenye waya, kwenye fremu ya chuma iliyojengewa ndani ya ukuta, isiyofunguka. Moto ukiwaka kwa jirani usipite kuja kwetu, na wetu usipite kwenda kwa jirani. Bila hivyo, leseni ya duka haitatoka.

"Sheria nzuri," mume wangu akasema. Alipenda sheria. Mtu wa kwanza wa ukoo mwenye duka lazima apende sheria.

Akanichukua kwenda naye duka la vyuma kuchagua, na hilo alilifanya kwa mapenzi, nalitambua. Wanaume wengine wangechagua peke yao. Mwenye duka alikuwa Mhindi mwenye kalamu sikioni. Akatuwekea mezani kioo cha kawaida, chembamba, na kingine kinene chenye wavu wa waya ndani. Nilikigusa kile cha waya. Kilikuwa baridi, na ukitazama upande wa pili unaona watu wamekatwa vipande vya miraba, kama wamefungwa kwenye kizimba.

"Hii ya kawaida," mwenye duka akasema, "moto kidogo tu, pa, inaanguka chini. Moto inapita. Hii ingine, angalia."

Akachukua kipande kibovu, akakipiga nyundo. Kikapasuka chote, nyufa zikasambaa kama utando wa buibui, lakini hakuna kilichoanguka. Waya ulikishika. Akapiga tena, na tena. Kimesimama.

Mume wangu alifurahi kama aliyeonyeshwa ng'ombe wa maziwa. "Umeona? Hata ukipiga nyundo hakitoki."

"Nimeona," nikasema. Nikamgeukia mwenye duka. "Na mtu akiwa ndani?"

"Mtu gani?"

"Mtu. Moto uko ndani naye. Anakipiga kioo hiki."

Mwenye duka akacheka. "Mama, hii ni ya kuzuia moto. Si ya kuzuia mtu."

"Kioo kitajuaje kwamba huyu ni mtu, si moto?"

Akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama misumari. Hapo ndipo nilipolisema mara ya kwanza, mbele ya Mhindi na mizani yake, nikilisema kwa Kiswahili ili lisikike na wote wawili: "Silali nyuma ya kioo kisichofunguka."

Kioo kikanunuliwa. Kilikuja nyumbani begani kwa fundi wa kutoka kule ziwani, mtu mpole aliyeimba nyimbo za kanisani akipima. Akakiegemeza kichochoroni pamoja na fremu yake, akasema simenti ataikoroga kesho.

Siku ile mchana mume wangu alikwenda Mosocho kutafuta ndizi za kuuza. Alipokwenda safari alifunga mlango wa duka kwa kufuli, kwa nje, kwa sababu ya wezi, na ufunguo akatia mfukoni. Mzee na mguu wake walibaki ndani, na mimi na mtoto nyuma yake. Nililitazama dirisha langu na mwanga wake, nikawaza kwamba kesho wakati kama huu nitakuwa nalitazama na halitanitazama.

Mzee akakohoa upande wa pili wa ukuta. Kisha akaanza kusema na mtoto. Hivyo ndivyo tulivyoongea, mimi naye, kama tulipolazimika kuongea. Mtoto alikuwa wa kunyonya, hajui hata jina lake, lakini mambo mazito ya ukoo yalipita kwake.

"Mjukuu wangu," mzee akasema, "nasikia mama yako hataki kioo."

"Mwanangu," nami nikasema, "mwambie babu yako amesikia vizuri."

"Mjukuu wangu, bila kioo hakuna leseni. Bila leseni baba yako atarudi nyumbani kuchunga. Watu watamcheka kuanzia Birongo mpaka kwetu."

"Mwanangu, mwambie babu yako najua watakavyocheka. Nawajua kwa majina."

Nilisikia kitanda kikilia, anageuza mguu.

"Mjukuu, muulize mama yako anaogopa nini. Kioo ni mwanga. Atapata mwanga, nzi hawataingia."

Sasa nifanye nini? Jibu lilikuwa moja, nalo lilikuwa lile lisilotajika. Mume wangu alilijua, akalinyamazia. Bwana afya hakulijua, kwa kuwa si mtu wa kwetu. Walikuwa wamejadili unene wa kioo, fremu, simenti, puti ya kushikizia kioo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mimi napita wapi, maana kuuliza ni kumtaja mzee na kitanda chake pamoja na mimi katika sentensi moja. Nilimnyonyesha mtoto kwanza nipate nguvu.

"Mwanangu," nikasema, "mwambie babu yako hivi. Yule jirani ana mafuta. Mimi nina jiko. Siku moto utakapowaka, baba yako yuko Mosocho na ufunguo. Mimi nitapita wapi? Babu yako amelala njiani."

Mtoto aliacha ziwa akanitazama, kama aliyeelewa kwamba mama yake amepasua kitu.

Mzee akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Mjukuu wangu, mwambie mama yako, siku hiyo apite tu. Aniruke, akuokoe wewe."

Nililia. Sitasema uongo. Mzee yule alikuwa mkali, aliwahi kumfukuza mkwe mwingine kwa sababu ya uji ulioungua, na sasa ananipa ruhusa ambayo hakuna mkwe anayempa mke wa mtoto. Lakini fikiria mwenyewe. Nimruke mimi, nimwache amelala hapo na mguu wake, mlango wa mbele una kufuli? Au nimshike mwili nimburute, mikono yangu hii? Kisha niishi, nipike, nile, watu wanisalimie? Na kama kufuli halijafunguliwa, tungebanana sote watatu kwenye mlango wa duka, chinsoni ikaisha pamoja na roho zetu. Dirishani ningeweza kutoka, nikapiga kelele, watu wakavunja kufuli wakamtoa mzee kwa heshima. Hilo dirisha lilikuwa mlango wake pia. Yeye hakujua, kwa kuwa hakupita hapo.

"Mwanangu," nikasema, "mwambie babu yako nimeshukuru. Mwambie hapana."

Mume wangu aliporudi, baba yake alimwita, wakanong'ona. Asubuhi nikakuta amefanya jambo la akili, kwa kadiri ya akili yake. Kitanda cha mzee kimehamishwa dukani, kati ya magunia ya sukari na ndoo za chumvi. "Njia imekuwa wazi," akaniambia, amechangamka. "Chumba cha katikati hakina mtu. Umeridhika sasa?"

Nikafunika uso, nikachungulia kwa upenyo wa leso. Kitanda kimekaa mlangoni kabisa, mlango wenyewe wa kufuli. Katika bomba lenye tundu moja, ukimsogeza mtu anasogea kuelekea tundu.

Sikubishana. Nilimfunga mtoto, nikapanda sanduku, nikaketi juu ya ukingo wa dirisha, mgongo na mtoto ndani, miguu nje, ebitinge zikining'inia kichochoroni. Fundi akaja na simenti yake imekorogwa. Akaniona, akaweka karai chini.

"Mama, shuka basi. Simenti inaganda."

"Iache igande."

"Mama, mimi nimetumwa tu."

"Najua, ndugu. Kaa hapo kivulini, uimbe."

Akaketi. Kweli akaimba, maskini. Jirani yangu akatokea kwake, akaona, hakutania siku hiyo. Aliniletea chai, akarudi ndani, akaanza kuyahamisha madebe ya mafuta kutoka upande wetu, moja moja, bila kuambiwa na mtu. Hilo sijalisahau. Lakini ghala lilikuwa ni ghala, na sheria haikuhesabu madebe.

Mume wangu alikuja akanibembeleza. Akaja akanifokea. Akaja akasimama tu, mikono kiunoni, akitazama miguu yangu kama inayolitoa duka lake nje ya mji kwa hatua. Na ilikuwa hivyo, maana najua kilichofuata. Leseni haikutoka. Duka likawa la mtu mwingine, sisi tukarudi Magwagwa na kitanda cha mzee na kioo kile kilichokosa ukuta, nikalima, nikazaa wengine, na yule wa mgongoni akamzaa huyu anayechagua vioo vya maghorofa. Wapo waliosema nilimwangusha mume wangu. Wamesema sana. Mzee mwenyewe hakusema. Alikufa kitandani kwake, nyumba ina milango miwili, na mjukuu wake wa kwanza ameota meno yote.

Lakini siku hiyo hakuna aliyejua hayo. Nilijua tu kwamba nyuma yangu kuna giza la chumba na mbele yangu kuna bwana afya, amekuja na kofia yake kukagua kazi, anatazama kioo kilichoegemezwa, karai la simenti lililoanza kuwa jiwe, na miguu yangu.

"Mama," akasema, "kioo ni kizuri. Fremu ni nzuri. Nimeambiwa hata njia ya ndani imefunguliwa. Moto ukija, hautapita hapa. Sasa nini?"

Ndani, kule mbele, nilisikia mzee akikohoa kidogo, kama mtu anayesikiliza. Mtoto akanipiga mgongo kwa kiganja. Nikamwambia bwana afya kwa Kiswahili cha jirani yangu, kwa sauti ya kufika mpaka dukani:

"Silali nyuma ya kioo kisichofunguka."

"Umesemaje, mama?"

"Silali nyuma ya kioo kisichofunguka."